Kahawa mbichi kwenye ndoo, na ndoto ya kurusha ndege

Kila msimu wa kuchuma kahawa, katika nyumba moja ya Buhigwe mkoani Kigoma, ugomvi ulikuwa uleule. Ndoo ya mtoto wa kwanza ikifika uani, mama yake aliimwaga juu ya turubai na kuanza kuchambua huku akiguna. Mbivu, mbivu, mbichi, mbivu, mbichi tena. Kahawa mbichi ikichanganyika na mbivu inaharibu ladha na bei ya mzigo mzima, na mtoto wa mkulima katika milima ile anajua hilo kabla hajajua kuandika jina lake.

"Wewe mtoto, macho yako unayapeleka wapi?" mama aliuliza.

Kijana alinyamaza. Mdogo wake wa kike, anayemfuata kwa miaka minne, alikuwa akijaza ndoo mbili safi wakati kaka mtu hajamaliza moja. Baba aliuita uvivu. Mara mbili tatu aliuadhibu uvivu huo kwa fimbo.

Hakuna aliyefikiria macho, kwa sababu macho ya kijana yalikuwa makali. Basi likitokea Manyovu, likiwa bado ng'ambo ya bonde, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kusoma maandishi ya kioo cha mbele. Wala hakuna aliyegundua kwamba shambani alikuwa na namna yake ya kuchuma. Alibonyeza kila tunda kwa kidole. Likiwa laini anachuma, likiwa gumu anaacha. Akichoka, anachuma kwa kukisia.

Mwaka 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wakivuka mpaka kwa maelfu, kijana alikuwa na miaka minane. Baba yake alimchukua siku moja kwenda Kasulu, na huko aliona kwa mara ya kwanza ndege ndogo ikiwa chini, karibu kiasi cha kuhesabu misumari ya ubavuni. Rubani alishuka, akajinyoosha mgongo, akanywa maji kwenye chupa kama mtu yeyote. Kilichomshangaza mtoto ni hicho hasa. Alidhani rubani ni mtu wa namna nyingine.

Kuanzia hapo, ukimuuliza atakuwa nani, jibu lilikuwa moja. Alipofika kidato cha tano alichukua fizikia, kemia na hisabati. Fizikia na hisabati alifanya vizuri. Kemia ya nadharia nayo haikumshinda. Kilichomwangusha ni maabara, kwenye zile kazi za kumimina tone kwa tone mpaka maji yabadilike rangi. Wenzake walisema "tayari", yeye bado alikuwa anamimina. Mwalimu aliandika kwenye ripoti: hana umakini.

Alimaliza kidato cha sita kwa daraja la pili. Ndipo nyumba ikaanza kuzungumza habari ya pesa.

Mafunzo ya urubani wa biashara yanakula makumi ya mamilioni ya shilingi, na ukienda nje ya nchi unaweza kuvuka milioni mia moja. Familia ya Buhigwe inayoishi kwa kahawa, maharage na tangawizi haina pesa hiyo kwenye kibubu. Baba alikuwa na kipande cha shamba kule bondeni, chenye maji mwaka mzima, alichoachiwa na baba yake. Mnunuzi alikuwepo, mtu wa Kasulu, ameshafika mara mbili na kupima kwa hatua. Chuo kimoja cha nje kilikuwa kimejibu kwenye simu ya kijana, kikitaka ada ya kuanzia ilipwe kabla ya mwisho wa mwezi. Baba alikuwa amepanga kuuza shamba, kulipa ada ya kuanzia, kisha mengine yatajulikana mbele.

Aliyelisimamisha jambo hilo ni mama. Yeye ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kazi hiyo imemzoesha kusoma fomu mpaka chini kabisa. Kwenye fomu ya chuo, mstari wa mwisho wa ukurasa wa pili, palikuwa na maneno yanayosema mwanafunzi awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza.

"Baba watoto, hiki cheti anapewa nani, na asipopewa je?"

"Kijana mzima huyu. Ameumwa lini?"

"Nauliza tu. Tukishauza shamba halafu wakamkataa, shamba linarudi?"

Walibishana siku tatu. Baba aliona ni kupoteza nauli kumpeleka Dar es Salaam mtu asiyeumwa. Mwishowe mama aliuza magunia yake ya tangawizi, akaweka nauli na pesa ya vipimo mezani, mazungumzo yakaisha.

Mzazi yeyote mwenye mtoto anayeota urubani na aanzie hapo alipoanzia mama huyu. Chuo kinaweza kupokea ada yako hata kama mtoto hatapata leseni kamwe. Gharama ya kumpima afya kwanza ni sehemu ndogo sana ya ada hiyo, na hata vyuo vyenye nia njema humshauri mwanafunzi apime kabla ya kulipa. Ajabu ni kwamba familia nyingi hufanya kinyume, kwa sababu cheti cha afya kinasikika kama ile karatasi ya kugongewa muhuri wakati wa kujiunga na shule ya bweni. Hiki cha marubani hakifanani nayo hata kidogo.

Kwa upande wa raia, viwango vinatoka kwenye kiambatisho cha kwanza cha Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, unaosimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ambayo huteua madaktari wa kufanya vipimo hivyo. Daktari wa kawaida wa hospitali ya wilaya, hata awe bingwa namna gani, hawezi kukitoa kama hajateuliwa.

Vyeti vina madaraja matatu. La kwanza ni la marubani wanaolipwa, wanaobeba abiria na mizigo. La pili ni la mtu anayerusha ndege kwa shughuli zake binafsi, na la tatu ni la waongoza ndege, wale wa mnarani. Cheti cha daraja la kwanza hudumu miezi 12, kisha unapimwa upya. Rubani anayebeba abiria peke yake bila msaidizi, akishavuka miaka 40, hupimwa kila baada ya miezi 6, na akivuka 60 muda ni huohuo hata akiwa na msaidizi. Akifika 65, safari za kimataifa za biashara zimekwisha kwake. Kwa maneno mengine, rubani anaishi maisha yake yote ya kazi akiwa na miadi na daktari inayoweza kumnyima mkate.

Baba alikuwa na mpango wa pili mfukoni, kwamba ada ikishindikana, kuna jeshi. Jeshi halimdai mzazi ada. Jirani yao mmoja ni askari mstaafu, na jioni moja kabla ya safari baba alikwenda kwake na kijana kuuliza.

"Jeshini njia ni nyingine," mzee alisema. "Unaingia kwanza kuwa askari, unapimwa na madaktari wa jeshi, ndipo wao wanaangalia nani anafaa kupelekwa anga. Huombi urubani kama unavyoomba chuo."

Kisha akamwambia kijana achukue ndoo yenye maji nusu, aizungushe juu ya kichwa kwa nguvu. Kijana akazungusha. Maji hayakumwagika, hata ndoo ilipokuwa imepinduka.

"Umeona maji yalivyong'ang'ania chini ya ndoo? Ndege ya kivita ikikata kona kwa kasi, damu yako inafanya hivyohivyo. Inakimbilia miguuni, kichwa kinabaki kitupu. Ndiyo maana wanapima moyo, wanapima mgongo, wanapima mpaka urefu wako ukiwa umekaa."

Mzee hakutia chumvi. Ndege za kivita za leo zinaweza kumwelemea rubani kwa uzito wake mara 9, yaani mtu wa kilo 70 anajisikia kama wa kilo 630 kwa sekunde kadhaa. Kiti cha kujiokolea kinachomrusha rubani nje ya ndege humkandamiza uti wa mgongo kwa nguvu kubwa. Hivyo majeshi mengi duniani huwa na viwango vya urefu, uzito na mifupa vilivyo vikali kuliko vya rubani wa ndege ya abiria. Jeshi la Anga la Marekani lilikuwa na kipimo maalumu cha urefu kwa waombaji mpaka mwaka 2020 lilipokilegeza, baada ya kuona kilikuwa kikiwatupa nje wanawake wengi.

Na kuna kipimo kimoja ambacho raia na wanajeshi wanakitumia sawasawa, na chenyewe kilizaliwa jeshini. Daktari wa Kijapani, Shinobu Ishihara, alikitengeneza kwa ajili ya kuwapima wanaoingia jeshi la nchi yake na kukichapisha mwaka 1917. Ni kitabu cha kurasa zenye vidoa vidogo vya rangi, na ndani ya vidoa kuna namba. Anayeona rangi vizuri anaisoma namba kwa sekunde mbili. Asiyeona, anabaki anatazama vidoa.

Rafiki mmoja wa shule ndiye aliyemwonyesha kijana kurasa hizo kwenye simu, wiki moja kabla ya safari. Kijana alitazama ukurasa wa kwanza, akasoma 12. Huo kila mtu anausoma. Wa pili akaona vidoa. Wa tatu vidoa. Alijua hapohapo. Pengine alikuwa amejua siku nyingi bila kuwa na jina la kuiita hali hiyo.

Hakumwambia baba wala mama. Alimwambia mdogo wake.

Usiku, wakubwa wakishalala, binti alishika simu chini ya blanketi na kumfundisha kaka yake kama mtu anavyofundishwa jedwali la kuzidisha. Ukurasa wa pili 8. Wa tatu 6. Wa nne 29. Alimpa alama za kushika, umbo la vidoa vya pembeni, doa kubwa liko wapi. Walipofika kurasa za katikati binti akasema, "Hizi ruka, hazina kitu."

"Mbona hii ina namba?" kaka aliuliza. "Arobaini na tano, hiyo hapo."

"Acha mchezo. Hamna kitu hapo."

Hawakulitilia maanani. Mpaka siku ya safari kijana alikuwa amekariri kitabu kizima.

Kulikuwa na siri nyingine ndani ya nyumba, na hii ilikuwa ya wazazi. Akiwa na miaka mitatu, kijana alipata malaria kali na degedege, akalazwa siku nne. Baba alimwambia mama, "Hilo la degedege lisiandikwe kokote." Mama alikunja uso, akaenda kabatini, akatoa kadi ya kliniki na karatasi za hospitali alizozitunza kwenye mfuko wa nailoni miaka kumi na tano, akazitia kwenye begi la mwanawe. "Waambie yote. Wakikukataa kwa ukweli, tutajua la kufanya."

Basi liliondoka Kasulu, likapita Kibondo asubuhi, na baba na mwana wakaingia Dar es Salaam kesho yake miguu imevimba.

Daktari alianza na fomu. Maswali ya magonjwa ya utotoni, ya upasuaji, ya kuzimia, ya dawa unazotumia, ya pombe, ya usingizi, ya ugonjwa wa akili katika ukoo. Chini kuna sehemu ya kuweka saini kwamba yote ni kweli. Alipofika kwenye degedege, daktari alizisoma zile karatasi za mfuko wa nailoni polepole, akauliza lilirudi tena? Halikurudi. Aliwahi kuanguka bila homa? Hapana.

"Degedege la homa kwa mtoto mdogo si kifafa," alimwambia baba. "Kifafa ndicho kinachofunga mlango. Hizi karatasi zimeniokolea mimi kazi na zimemwokolea yeye maswali mengi. Mwambie mama yake asante."

Baba aliangalia sakafu.

Baada ya hapo vipimo vilikwenda haraka. Presha sawa. Mkojo hauna sukari. Mashine ya moyo ikachora mistari, ikaonekana mizuri. Masikio yalipimwa kwa kuvaa vipokea sauti na kubonyeza kitufe kila unaposikia mlio, na hapo daktari alisema kitu ambacho wazazi wa watoto wanaotoka usaha masikioni wangefaa kukisikia: usaha ukiachwa bila tiba mwaka baada ya mwaka hula uwezo wa kusikia, na mtoto huja kugundua kwenye chumba kama kile. Kusoma herufi za mbali kijana alimaliza mpaka mstari wa mwisho. Hata angehitaji miwani asingekataliwa, maana kanuni inataka jicho liwe zuri likiwa na miwani au bila miwani, na rubani wa miwani abebe ya akiba. Imani kwamba mwenye miwani hawezi kurusha ndege imewavunja moyo watoto wengi bure.

Kikabaki kitabu cha vidoa.

Daktari hakuanzia mwanzo. Alifungua katikati, akarudi nyuma, akaruka mbele. Kijana alishikilia alama zake, doa kubwa, umbo la pembeni, akajibu taratibu. 29. 74. 6. Alikuwa anapita. Baba, aliyekaa kwenye benchi la ukutani, alikuwa anatabasamu.

Kisha ukafika ukurasa ambao namba yake kijana aliiona waziwazi, bila kukumbuka chochote, na kwa furaha ya kuona kitu kwa macho yake mwenyewe akasema kwa sauti: "Arobaini na tano!"

Daktari akafunga kitabu.

Baadhi ya kurasa za kitabu kile zimetengenezwa kinyume. Anayeona rangi zote haoni namba hapo. Anayechanganya nyekundu na kijani, mara nyingi huiona.

"Nani alikufundisha?" daktari aliuliza, bila ukali.

Kijana alilia. Ana miaka kumi na nane, amelala ndani ya basi usiku kucha, na amesaliti kila kitu kwa kusema ukweli mara moja. Baba alisimama, akaketi tena. Ndipo akauliza swali alilolirudia nyumbani siku nyingi baadaye: "Kwani rangi na ndege vinahusiana nini?"

Vinahusiana sana. Pembeni mwa njia ya kutua kuna safu ya taa nne zinazomwambia rubani kama yuko kwenye kimo sahihi. Mbili nyeupe na mbili nyekundu, uko sawa. Zote nyekundu, uko chini mno. Redio ikifa, mnara humwonyesha rubani taa, ya kijani inayowaka bila kukatika ni ruhusa ya kutua, nyekundu ni kwamba usitue, endelea kuzunguka. Alfajiri ya tarehe 26 Julai 2002, ndege ya mizigo ya FedEx aina ya Boeing 727 ilianguka kabla ya kufika njia ya kutua ya Tallahassee, Marekani. Taa zilikuwa zinaonyesha nyekundu. Wachunguzi walikuta marubani walikuwa wamechoka, na pia kwamba rubani msaidizi aliyekuwa akiirusha alikuwa na upungufu wa kuona rangi, akiwa ameruhusiwa kwa msamaha maalumu. Wote watatu waliokuwemo walipona. Ndege iliteketea.

Kushindwa kitabu hakumalizi mambo. Kanuni za ICAO zinampa mwombaji nafasi ya kuonyesha kwamba anaweza kutofautisha taa za anga zenyewe, na wapo wanaoshindwa vidoa wakafaulu taa. Kesho yake kijana aliingizwa kwenye chumba cha giza, akaonyeshwa vitaa vidogo viwili viwili, ataje rangi. Mdogo wake hakuwepo na hapakuwa na doa la kushika. Aliita nyeupe kijani, na kijani akaiita nyekundu.

Daraja la kwanza hakupata. Alichoweza kufikiria ni daraja la pili lenye sharti la kuruka mchana tu, yaani kurusha ndege kwa shughuli zake binafsi jua likiwa juu, bila kulipwa. Kwa mtoto wa tajiri hiyo ni zawadi. Kwa mtoto wa mkulima wa Buhigwe ni kama kupewa funguo za nyumba asiyo nayo. Kuhusu jeshi, daktari hakumpa matumaini. Akamwonya pia juu ya miwani ya rangi inayouzwa mtandaoni, kwamba haimpi mtu macho mapya na kwenye vipimo haikubaliki.

Jioni walimpigia mama. Daktari, kwa wema wake, alikubali kuzungumza naye kwenye spika.

Upungufu huu karibu kila mara ni wa kuzaliwa. Hauletwi na chakula, wala na simu. Kinasaba chake kiko kwenye kromosomu X, na mtoto wa kiume anayo X moja tu, aliyoipata kwa mama. Mama anaweza kukibeba bila yeye mwenyewe kukosea rangi hata moja. Kila mtoto wake wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu. Baba hausiki. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, karibu mwanaume 1 kati ya 12 yuko hivyo. Kwa Waafrika ni wachache zaidi, lakini wapo, wengi wakiwa hawajui.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kaka yangu wa Kibondo," alisema tu.

Mjomba huyo wa Kibondo ni kichekesho cha ukoo. Siku ya harusi yake alivaa shati la kijani akiapa kwamba ni la kahawia. Aliendesha lori miaka mingi, akipeleka chakula kambini miaka ya 1990, na Kibondo ya wakati ule haikuwa na taa za barabarani za kumuumbua. Watu walicheka miaka thelathini, na hakuna aliyeuliza.

Nyumbani, bibi mzaa baba alilipokea jambo lile vibaya. Alisema maneno ambayo mabibi husema, kwamba hiyo ni damu ya upande ule. Mama alibeba ndoo akaenda mtoni. Usiku alimuuliza mumewe, "Na wewe unasema mimi ndiye nimemharibia?" Baba alikaa kimya muda mrefu. Akasema, "Mimi nilimchapa."

Hakusema zaidi ya hapo. Lakini siku ya tatu alimwita kijana wakaenda shambani wawili. Alikata tawi lenye kahawa mbivu, akalishika mbele ya macho ya mwanawe.

"Hii unaionaje?"

"Kama jani, baba."

"Na hii?"

"Kama jani lililokauka kidogo."

Baba alilizungusha tawi mkononi, akalileta karibu na macho yake mwenyewe, akifumba jicho moja, akijaribu kuona anachoona mtoto wake. Alishindwa, kama ambavyo yeyote angeshindwa.

Mtu wa Kasulu alirudishiwa jibu kwamba shamba haliuzwi. Alikasirika kidogo.

Kijana alikaa wiki tatu bila kuangalia juu ndege zikipita. Kuna uchungu ambao mzazi hawezi kuufupisha, na mama huyu kwa bahati hakujaribu. Hakumwambia kwamba Mungu ana mpango mwingine. Alimpa kazi, alimpa chakula, alimwacha. Aliyesumbuka zaidi kwa siri ni binti, aliyeamini kwamba kama asingesema "ruka hizi", kaka yake angejua na angefaulu. Mama alimweleza mara nne kwamba angefaulu kitabu na kushindwa taa, na kwamba siku moja angeweza kushindwa taa akiwa na watu sabini nyuma yake. Mara ya nne binti alikubali, au alijifanya kukubali.

Kisha akauliza lake. Yeye je, angepimwa? Anaona rangi zote, hilo kila mtu nyumbani analijua. Mama hakumficha kwamba huenda naye amekibeba kile kinasaba, nusu kwa nusu, na kwamba siku akizaa mtoto wa kiume asije akamchapa kwa kahawa mbichi. Urubani haujafungwa kwa wanawake. Rubani akipata mimba daktari humsimamisha, na ikiwa mimba haina hatari anaweza kuruhusiwa kuruka kipindi cha katikati, kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi ya 26. Binti yuko kidato cha pili na alicheka sana aliposikia habari ya mimba.

Mezani sasa kuna fomu nyingine. Ni ya Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa, ambacho kiko hapohapo Kigoma, nauli yake haizidi ya kwenda mnadani mara chache. Hakuna ndege ya abiria inayoondoka bila taarifa ya hali ya hewa, na anayeiandika hahitaji cheti cha afya cha rubani. Wanaopanga safari za ndege ofisini nao hawakihitaji. Mama, kwa kuwa ni yeye, ameshasoma fomu mpaka chini kabisa, na ameandika pembeni kwa penseli swali la kuuliza chuoni: ramani zao za mvua zina rangi gani? Kijana hajaijaza bado. Ameitoa kwenye bahasha, hiyo ni kweli, na ameiweka chini ya kitabu cha fizikia.

Msimu wa kahawa umerudi. Siku hizi kaka na dada wanachuma mti mmoja, yeye akishika matawi ya juu na binti akitaja: hii, hii, hiyo acha. Ndoo inajaa safi.

Juzi mama alimpigia kaka yake Kibondo kumweleza habari yote, ya kitabu, ya taa, ya kinasaba kilichotoka kwa wazazi wao. Mjomba alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hiyo nyinyi," aliuliza hatimaye, "kahawa mbivu mnaijua kwa kuiangalia tu? Hamuibonyezi?"